Sura ya Sita: Tabia ya Manukato Matamu Yanayoburudisha

Miongoni mwa maswali ambayo wanunuzi wa manukato huyarudia, katika maduka ya Kitale na Bungoma sawa na katika maduka ya Mombasa na Dar es Salaam, lipo moja ambalo wauzaji wengi hulijibu vibaya: kwa nini chupa iliyonukia ndimu, maua na umande ilipopulizwa dukani hunukia vanila au sukari iliyoungua jioni ya siku hiyohiyo, na kwa nini harufu ya kwanza, ile iliyomfanya mtu atoe pesa, ndiyo inayotoweka mapema kuliko zote? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba manukato hayo ni bandia au yametiwa maji. Manukato bandia yapo, na sura hii haikusudii kuyatetea, lakini hata manukato halisi yaliyotungwa na mabingwa wa Ufaransa hubadilika vivyo hivyo, kwa sababu utamu na uburudishaji ni tabia mbili ambazo haziendi kwa mwendo mmoja. Anayeuelewa mwendo huo ataelewa pia kwa nini manukato ya aina hii humchangamsha mtu kwanza na kumtuliza baadaye, na kwa nini chupa moja huwa na tabia hii kwenye joto la pwani na tabia nyingine kwenye ubaridi wa nyanda za juu.

Mji wa Moi's Bridge unafaa kuwa mfano wa mazungumzo haya kwa sababu ya hewa yake na majirani zake. Uko kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, katika Kaunti ya Uasin Gishu, karibu na mipaka ya Trans Nzoia na Kakamega. Zamani uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Cecil Hoey, na reli iliyofika Kitale mwaka 1926 hupitia hapo. Ni nchi ya mahindi, ambako majira ya mwaka hutambulika kwa pua kama yanavyotambulika kwa macho: udongo unaolowa mvua za Machi na Aprili, majani mabichi ya Juni, na mabua makavu ya mwisho wa mwaka. Upande wa magharibi, ambako Mto Nzoia unateremka kuelekea Bungoma, mashamba ya miwa hushika nafasi ya mahindi. Udongo uliolowa na miwa inayochemka ni harufu mbili zinazopatikana katika safari moja ya matatu, na ndizo zitakazoongoza maelezo yanayofuata.

Utamu usio na sukari

Sukari nyeupe iliyo mezani haina harufu yoyote. Ili kitu kinukie, ni lazima molekuli zake, yaani chembe ndogo kabisa ambazo bado zina sifa za kitu hicho, ziachane, zipae hewani na kufika kwenye utando ulio juu ndani ya pua, ambako zinakutana na vipokezi. Vipokezi ni viungo vidogo mno vya seli vinavyoshika molekuli fulani na kuacha nyingine zipite. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu, na Richard Axel na Linda Buck wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kueleza jinsi vilivyopangwa. Molekuli za sukari hushikamana sana kiasi kwamba hazipai katika joto la kawaida, na kwa hiyo hakuna kinachofika puani.

Hata hivyo, anayepita karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, kule Bungoma, au karibu na karai za sukari guru zinazochemshwa kwa kuni vijijini, hunusa utamu mzito unaoganda hewani. Kinachonukia pale ni mabaki ya sukari iliyovunjwa na moto ikawa molekuli ndogondogo zinazoweza kupaa, na mojawapo ya molekuli hizo huitwa maltoli. Wanakemia walitengeneza ndugu yake yenye nguvu zaidi, ethili maltoli, ambayo hutiwa katika peremende na vinywaji, na tangu miaka ya 1990 imekuwa kiungo maarufu cha manukato ya wanawake duniani kote. Mtu anayesema kwamba pafyumu fulani inanukia peremende hajakosea hata kidogo, kwa kuwa mara nyingi kiungo ni kimoja.

Utamu wa harufu, basi, si utamu wa ulimi. Vanila, ambayo karibu kila mtu huiita tamu, ni chungu ikionjwa bila sukari. Iliki ikitafunwa peke yake huwasha na kuacha ukakasi. Pua imejifunza kuziita tamu kwa sababu imekutana nazo mara nyingi ndani ya keki, mandazi na chai ya maziwa, na sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu imeunganisha harufu na ladha kiasi kwamba moja ikija peke yake, nyingine huhisiwa. Hii ndiyo sababu utamu wa manukato haufanani kwa watu wote. Aliyelelewa kwenye mandazi yenye iliki huuona utamu mahali ambapo mgeni anaona kiungo cha pilau tu, na aliyekulia karibu na mapera yaliyoiva hutambua mara moja manukato ya matunda ambayo wengine huyaita ya maua.

Kiungo kikuu cha utamu katika manukato ni vanilini, molekuli inayoipa vanila harufu yake. Vanila ya asili hutoka kwenye maganda ya ua la okidi linalohitaji kuchavushwa kwa mkono, kwa njia iliyovumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12. Leo wakulima wa Uganda, hasa wa Mukono na Bundibugyo, hufanya kazi hiyohiyo ua kwa ua. Kazi hiyo huifanya vanila ya asili kuwa ghali mno, na ndiyo maana chupa nyingi hutumia vanilini ya viwandani, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani mwaka 1874 na Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann kutokana na utomvu wa miti ya misonobari. Baadaye ilionekana kwamba vanilini inaweza kupatikana kutoka kwa lignini, yaani gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, ambayo viwanda vya karatasi huiondoa kama taka. Kiwanda cha Borregaard nchini Norwe huitengeneza hivyo hadi leo. Kwa wakazi wa Bungoma, ambao kwa miongo kadhaa waliizoea harufu kali ya salfa kutoka kiwanda cha karatasi cha Webuye, inafaa kujua kwamba mti uleule unaotoa uvundo huo unapopikwa kwa kemikali za salfa umebeba ndani yake malighafi ya harufu inayopendwa kuliko nyingi duniani.

Kinachoburudisha

Uburudishaji ni mgumu zaidi kuuelezea kuliko utamu, kwa kuwa hautoki mahali pamoja. Chanzo cha kwanza ni maganda ya jamii ya machungwa, yaani ndimu, limau, chungwa, na bagamoti ya kusini mwa Italia. Mafuta yake, ambayo hukamuliwa bila moto, yamejaa limonini, molekuli nyepesi inayoruka mara tu ganda linapominywa. Chanzo cha pili ni mnanaa na mikaratusi. Mentholi ya mnanaa hufanya jambo ambalo vanila haiwezi: huigusa mishipa ya fahamu ileile inayohisi baridi, na kwa hiyo ubaridi anaousikia mtu puani si wa kufikirika, bali mwili unapokea ishara halisi ya baridi ingawa joto halijashuka.

Chanzo cha tatu kinajulikana na kila anayefuga ng'ombe. Nyasi za nepia zinapokatwa kwa panga, majani yaliyojeruhiwa hutoa kwa sekunde chache molekuli za kijani kibichi ambazo watungaji wa manukato huziiga ili chupa ipate uhai wa jani lililovunjwa sasa hivi. Harufu hiyo haina utamu. Ina ukali kidogo, na ukali huo ndio unaozuia manukato matamu yasichoshe.

Chanzo cha nne, ambacho hakika ndicho chenye mvuto mkubwa kwa watu wa nchi ya mahindi, ni mvua ya kwanza. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kwamba mimea huacha mafuta kwenye udongo na mawe wakati wa kiangazi, na kwamba matone ya kwanza huyaachilia mafuta hayo hewani. Pamoja nayo hupaa jiosmini, molekuli inayotengenezwa na bakteria wa udongo, ambayo pua ya binadamu huitambua hata inapokuwa kidogo mno kiasi kwamba vyombo vingi haviwezi kuipima kwa urahisi. Katika mji wa Kannauj nchini India, mafundi hukeneka harufu hiyo, yaani huchemsha udongo uliochomwa ndani ya vyungu, huunasa mvuke wake na kuupoza ndani ya mafuta ya msandali, na kupata manukato ya mvua ndani ya chupa. Bonde la Nzoia halina fundi wa namna hiyo, lakini kila mkulima aliyesimama mlangoni Machi akisubiri kupanda anaijua bidhaa yake.

Wiki moja au zaidi kidogo baada ya mvua hiyo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, mikahawa hutoa maua meupe kwa pamoja, na harufu yake hukaribia sana ile ya asumini: tamu, lakini yenye hewa na unyevu ndani yake. Maua hayo hukaa siku chache tu. Anayetaka kujua, bila kununua chochote, ni nini hasa kinachoitwa manukato matamu yanayoburudisha, anaweza kupita kando ya shamba la kahawa asubuhi moja ya majira hayo, maana hakuna maelezo ya kitabu yatakayolishinda somo hilo.

Kwa muhtasari wa sehemu hizi mbili: utamu wa manukato ni kumbukumbu ya chakula iliyobebwa na molekuli nzito au zenye kushikamana, kama vanilini na ethili maltoli, ilhali uburudishaji ni ishara ya maji, ubaridi na jani bichi, iliyobebwa na molekuli nyepesi, kama limonini.

Kwa nini harufu moja hutangulia nyingine

Limonini huchemka kwenye nyuzi 176 za selsiasi, ilhali vanilini huchemka karibu na nyuzi 285. Hakuna mtu anayechemsha manukato mwilini, lakini tarakimu hizo zinaonyesha jinsi kila molekuli ilivyo tayari kuondoka: iliyo na kiwango cha chini cha kuchemka hupaa kwa haraka hata katika joto la ngozi, na iliyo na kiwango cha juu husubiri. La kushangaza ni kwamba vanilini haiizidi limonini sana kwa uzito. Tofauti kubwa ni kwamba molekuli za vanilini huvutana zenyewe kwa zenyewe na kushikamana na vitu vilivyo karibu, kama vile ngozi na kitambaa, na hivyo hubaki pale baada ya wenzake kuondoka.

Watungaji wa manukato hugawa harufu katika tabaka tatu kwa kufuata mwendo huo. Tabaka la mwanzo hudumu dakika chache hadi nusu saa na hubeba ndimu, mnanaa na majani mabichi. Tabaka la kati, ambalo huitwa pia moyo, hudumu saa kadhaa na mara nyingi ni la maua. Tabaka la msingi huweza kukaa siku nzima, na zaidi ya hapo kwenye nguo; humo mna vanila, udi, ubani, miski na msandali. Mnunuzi aliyenusa chupa dukani kwa dakika mbili amenunua tabaka la mwanzo tu, na hayo mengine mawili atayakuta nyumbani.

Mwendo huu unaonekana wazi zaidi katika visiwa vya Komoro, ambavyo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya mlangilangi, ua la manjano linalojulikana pia Zanzibar na pwani ya Kenya. Maua huchumwa alfajiri na kukenekwa mara moja, na mafuta hayakusanywi kwa pamoja: yale yanayotoka katika saa za mwanzo, mepesi na matamu kama ua lenyewe, huwekwa kando na kuuzwa kama daraja la juu, na yale yanayofuata, kadiri saa zinavyopita, huzidi kuwa mazito na huuzwa kama daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ua moja, kwenye mtungi mmoja, hutoa harufu nne kwa kufuata saa. Kinachotokea kwenye mtungi wa Komoro ndicho kinachotokea kwenye kifundo cha mkono, ila mkononi hakuna anayetenganisha madaraja.

Msandali unastahili neno la ziada kwa sababu unahusu majirani wa Kitale moja kwa moja. Msandali wa Afrika Mashariki, mti mdogo unaoota katika nchi kavu za Pokot Magharibi, Baringo na Samburu, una mafuta kwenye mizizi na shina, na wavunaji haramu huung'oa mzima, hasa mti jike ambao una mafuta mengi zaidi, na kuusafirisha nje ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwituni mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Utamu laini wa msingi unaopatikana kwa kung'oa mti usiopandwa tena ni utamu wa gharama isiyokubalika, na mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji mafuta ya msandali yametoka wapi.

Kutoka Cologne hadi Angel

Kwa muda mrefu tabia hizi mbili ziliishi katika chupa tofauti. Mwaka 1709 Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia mji wa Cologne nchini Ujerumani, alianza kuuza maji ya manukato yaliyojengwa juu ya bagamoti, limau na chungwa, na kuyapa jina la mji huo. Yaliburudisha sana na kutoweka haraka, na wateja waliyapuliza tena na tena bila kulalamika. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1889, wakati Aimé Guerlain wa Paris alipotoa Jicky, manukato yaliyoweka lavanda na machungwa juu na vanilini mpya ya viwandani chini. Hapo ndipo ulipoonekana wazi mpangilio ambao bado unatumika: harufu ya kuburudisha hufungua mlango, na utamu hubaki ndani.

Karne moja baadaye, mwaka 1992, Angel ya Thierry Mugler ilitia ethili maltoli kwa wingi kiasi kwamba watu walinusa sukari iliyoungua na chokoleti, na kuanzia hapo utamu wa chakula ukaenea katika maduka yote. Mtungaji wake, Olivier Cresp, ndiye huyohuyo aliyetunga Light Blue ya Dolce & Gabbana mwaka 2001, ambayo hujulikana kwa limau na tufaha na wepesi wa hewa ya bahari. Mkono mmoja uliunda ncha mbili za mstari, na manukato mengi yanayouzwa leo kama matamu na ya kuburudisha, yakiwemo yale ya bei nafuu yanayoingia Kenya kutoka Dubai, yamesimama mahali fulani kati ya ncha hizo.

Kilichogunduliwa Paris ndani ya chupa, hata hivyo, kilikuwa kimefanywa kwa muda mrefu mwilini na wanawake wa pwani ya Waswahili. Nguo hufukizwa kwanza kwa udi na ubani juu ya chetezo, na moshi wake huwa msingi unaokaa. Ngozi husingwa kwa liwa na kupakwa mafuta mazuri. Kisha jioni huvaliwa asumini au kikuba, yaani kishada cha maua na majani yanukiayo kama rihani, ambacho kimefungwa siku hiyohiyo. Tabaka tatu zimo humo zote, na kila moja ina muda wake. Jambo linalopasa kuangaliwa ni kwamba hakuna aliyewahi kulaumu asumini kwa kufifia asubuhi. Ua linalofifia huvaliwa jipya, na msingi ulio kwenye nguo hubaki.

Moi's Bridge si Mombasa

Joto ndilo linaloamua kasi ya molekuli. Mombasa, usiku ni nadra joto kushuka sana chini ya nyuzi 20, na mchana hupita 30 katika miezi ya kiangazi. Ngozi ina unyevu na jasho, na tabaka la mwanzo hulipuka na kwisha upesi, huku utamu ukijitokeza mapema na kwa nguvu. Kitale, ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huamka na nyuzi 12 hivi, na Moi's Bridge haitofautiani sana nao. Katika ubaridi huo limonini haina haraka, na manukato ya ndimu yaliyopulizwa asubuhi hubaki ya ndimu kwa muda mrefu zaidi kuliko yangekuwa pwani. Vanila nayo hukaa kimya, na huweza kuonekana kana kwamba haimo, hadi jua la saa sita linapoipasha nguo moto.

Matokeo yake ni kosa linalorudiwa kila siku ya kazi. Mtu hupuliza manukato matamu saa kumi na mbili asubuhi, haoni utamu aliouzoea, anaongeza mara tatu au nne, kisha anaingia katika matatu ya kwenda Kitale ambayo madirisha yake yamefungwa kwa sababu ya baridi. Joto la abiria hufanya kazi ambayo jua halijaifanya, na utamu wote hujitokeza kwa mara moja. Tatizo huongezwa na jambo jingine, nalo ni mazoea ya pua: vipokezi vinavyoguswa na harufu ileile mfululizo hupunguza majibu yao, na ubongo huacha kuizingatia, kiasi kwamba mvaaji ndiye wa kwanza kutoisikia na jirani yake ndiye wa mwisho. Katika nyanda za juu, kiasi sahihi cha manukato matamu hupimwa kwa joto la saa sita mchana, wala si kwa baridi ya alfajiri.

Ukavu wa Januari na Februari una athari yake pia. Ngozi kavu haishiki mafuta ya manukato, na harufu huondoka mapema. Mafuta ya kujipaka yasiyo na harufu, yakitangulia, huzipa molekuli mahali pa kushika. Nani asiyekuwa nayo nyumbani katika nchi hii ya ngozi zinazopauka?

Hali ya moyo

Harufu ina njia fupi kuelekea sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, fupi kuliko njia za macho na masikio, na kwa hiyo humgusa mtu kabla hajapata neno la kuieleza. Hapa ndipo tabia ya manukato matamu yanayoburudisha inapotofautiana na ile ya udi au miski. Udi hutangaza heshima na sherehe. Huvaliwa na anayekwenda arusini au msikitini siku ya Idi, na hujaza chumba. Manukato matamu mepesi hayadai chumba. Sehemu yake ya mwanzo, kwa ndimu na jani bichi, humwamsha mtu na kumpa hisia ya usafi, kwa sehemu kwa sababu viwanda vya sabuni vimeifundisha pua kwa zaidi ya karne moja kwamba ndimu ni usafi. Sehemu ya mwisho, kwa vanila na maltoli, humrudisha kwenye jiko, chai na ulezi, na humtuliza yeye na walio karibu naye.

Kwa sababu hiyo manukato haya hufaa mahali ambapo watu hukaa pamoja kwa muda mrefu bila kuchaguana: darasani, ofisini, benki, kwenye foleni ya hospitali. Hayafai sana katika mazishi, ambako uchangamfu wake huonekana kama kusahau, wala wodini, ambako mgonjwa mwenye kichefuchefu huumizwa na utamu wowote. Wapo wanaodai kwamba ni manukato ya wasichana tu. Dai hilo halina msingi katika kemia wala katika historia, kwani Jicky yenyewe ilivaliwa na wanaume, na Cologne ya Farina haikutengwa kwa jinsia yoyote.

Kununua na kuvaa

Maelezo yote yaliyotangulia yanaweza kugeuzwa kuwa mazoea machache ya dukani na nyumbani.

1. Manukato yapulizwe kwenye ngozi, si kwenye karatasi pekee, kisha mnunuzi aondoke dukani na kufanya shughuli zake za sokoni kwa saa mbili au zaidi kabla ya kutoa pesa; kitakachonukia atakaporudi ndicho atakachoishi nacho.
2. Zisijaribiwe zaidi ya chupa tatu kwa siku, kwa kuwa pua iliyochoka huona kila kitu kuwa kitamu.
3. Isomwe aina ya mchanganyiko. Maji ya cologne huwa na kiasi kidogo cha mafuta ya manukato, takriban asilimia 2 hadi 5, na hutoweka mapema kwa haki yake. Yaliyoandikwa eau de toilette huwa na asilimia 5 hadi 15 hivi, na eau de parfum hufika 20.
4. Chupa iwekwe mbali na dirisha na jua. Limonini huharibika kwa hewa, mwanga na joto, na tabaka la mwanzo likiharibika manukato yote hunukia tapentaini. Limonini iliyoharibika huweza pia kuwasha ngozi.
5. Harufu nzito ya msingi ipewe nguo, na harufu nyepesi ipewe ngozi, ambako inaweza kurudiwa bila kurundika utamu juu ya utamu.

La tano lina uzito kuliko mengine. Malalamiko mengi kuhusu manukato matamu yanayoburudisha hutokana na kuyadai yadumu kama udi, na watengenezaji, wakilisikia dai hilo, huongeza vanilini na kupunguza ndimu hadi uburudishaji unabaki kuwa jina kwenye lebo. Manukato ya aina hii yanayoburudisha kwa saa tatu kisha yakaacha utamu mwembamba mwilini yametimiza kazi yake yote. Anayetaka uchangamfu wa asubuhi urudi mchana anunue chupa ndogo inayoingia mkobani, na apulize mara moja tu saa sita.